Vidonge Vyeupe Kwenye Kopo la Mbegu

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini mdomo umeshazoea.

Niko Kanyenye kwa dada. Kesho tunakuja Usoke kwenye arobaini yako, na mimi sikai wala sisimami. Dada anasema nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga.

Ulipoanguka shambani kwa presha, hatukuelewa. Baada ya mazishi tukafungua kopo lako la mbegu ya tumbaku, tukavikuta vidonge vyeupe ulivyobadilishiwa hospitali, vyote, hujameza hata kimoja. Ulitaka vya njano ulivyozoea. Nilikwambia kwenye simu, "Mama, dawa ni ile ile." Ukaniuliza, "Mmewapa watu wangapi mkajua?" Nikacheka. Mimi, ambaye nalishwa na hesabu hizo hizo za kupima dawa kwa watu. Vilikuwa vimepimwa, Mama. Ningekutafutia jibu, labda ungemeza.

Sasa kazi imenifuata huku. Tunapima kidonge kingine cha presha, kama kinaingia kwenye damu sawa na cha zamani. Tuliandika kabla ya kuanza: tuchukue watu wachache, tutazame, wakiwa hawatoshi, tuite kundi la pili. Na kwa kuwa tumejipa nafasi mbili za kutazama, kipimo cha kuipitisha dawa tukikaze mara zote mbili. Basi damu za watu zimepishana kuliko tulivyokisia. Kwa kipimo cha kawaida, cha anayetazama mara moja tu, tumepita. Kwa kile tulichoahidi, bado. Bosi anataka nitumie cha kawaida, yaishe.

Nikakukumbuka siku ya kuuza tumbaku. Mteuzi wa kupanga madaraja alichomoa jani moja akalihukumu robota zima la majani, ukamkalia kooni: "Jani moja halijui habari za wenzake." Kisha jirani akang'ang'ania lake lichomolewe tena na tena, ukamgeukia na yeye: "Ukichomoa mara nyingi, hata robota bovu halikosi jani zuri." Akakununia msimu mzima.

Hayo mawili ndiyo kazi yangu yote, Mama. Watu wakiwa wachache, hata dawa nzuri inashindwa kujionyesha. Ukitazama mara mbili bila kukaza, mbaya inapenya.

Asubuhi nimemjibu bosi kwa barua pepe: hapana, tuite kundi la pili. Huenda kazi sina tena. Lakini barua ile siifuti.

Lala, Mama. Hesabu ikikamilika nitakuja Usoke peke yangu nikwambie ni watu wangapi. Na mama wa mtu mwingine akiniuliza, sitacheka.

Mwanao