Ukurasa wa Thelathini na Moja

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Habari za afya tuziache, weye umekwisha kupumzika na minye niko sawa. Ila nina wivu. Umenikaa hapa kooni kama mwiba wa samaki mukeke, na nimeona nikuambie weye mwenyewe kuliko kuambia majirani.

Unakumbuka ile kartoni ya vitabu uliyoipandisha juu ya kabati wakati ziwa liliingia nyumba za Kalundu? Vitabu kumi na kimoja. Ulikuwa unanunua kimoja kimoja kila ukivuka mpaka kwenda Bujumbura, halafu unasema, "Nitavisoma likizo ikifika." Likizo zilifika, weye ukakaa kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Vitabu vikabaki kule juu.

Siku ya kumaliza kilio, mama alikaa kwenye mkeka akagawa vitu vyako. Minye nilipata vitenge viwili na sufuria kubwa. Shangazi akapata kitanda. Kufika kwenye kartoni, mama akasema: "Hii ya Zawadi. Yeye amesoma."

Yaya, damu ilinipanda kichwani. Zawadi ni rafiki yako, mwalimu mwenzako, ndiyo. Lakini minye na weye tulinyonya titi moja! Nikasema vitabu ni vyangu. Mama akaniangalia, mtoto wangu Baraka iko mgongoni kwangu analia, akaniuliza mbele ya watu wote: "Utavifanyia nini? Utafungia wateja samaki zako za ndagala?" Watu wakacheka. Shangazi ndiye alicheka kupita wote, unamjua na meno yake.

Zawadi ndiye alileta shauri. Kila mmoja achukue kitabu, akisome mpaka mwisho, aje akihadithie mama wakati anatwanga sombe ya majani ya muhogo. Mama akiridhika, kitabu ni cha aliyehadithia. Vyote viishe kabla ya misa yako ya mwaka. Nilikubali kwa hasira tu, minye niliyeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari na mimba ya Baraka. Mama hajui kusoma, lakini kumudanganya ni kazi. Amelea watoto sita.

Nilikuwa nasoma mchana, ndagala zimeanikwa kwenye mchanga, mkono huu kitabu, mkono huu fimbo ya kufukuza bata. Cha kwanza kilinichukua wiki tano. Baraka alitafuna pembe ya kitabu. Wakati ule Zawadi amekwisha kuhadithia vitatu. Siku ya kile cha tatu mama alicheka mpaka akaacha mtwangio ukaanguka, kile kicheko alichokuwa anacheka na weye, mukiwa wawili. Minye nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikarudi bila kuingia.

Halafu Zawadi akanichoma tena. "Mama Baraka, unajua Furaha alikuwa anaanza na ukurasa wa mwisho? Hakupenda kuingia kwenye hadithi bila kujua nani atakufa."

Sikujua. Miaka kumi na tano tumelala kitanda kimoja, na kitu hicho anakijua Zawadi! Nikaenda kuangalia. Kweli, umekunja pembe ya ukurasa wa mwisho, kitabu kwa kitabu.

Basi nikafanya ujanja. Nilichukua kimoja kinene, nikasoma ukurasa wa mwisho tu, nikaenda kumuhadithia mama arusi nzuri sana. Mama akasimamisha mtwangio. "Huyo bwana arusi ametoka wapi?" Nikasema ametoka mbali. "Na wazazi wake?" Nikasema walikufa. Zawadi alikuwa amekaa pale anachagua majani, na kitabu kile alikuwa amekwisha kukisoma. Akasema polepole: "Ni hivyo, mama, walikufa. Ila mama Baraka amesahau mwanzo." Akamuhadithia mwanzo wote yeye mwenyewe, na kitabu kikawa changu.

Nilimuchukia zaidi siku ile. Muntu mubaya unajua pa kumushika. Huyu utamushika wapi? Nikaenda na kile kitabu nyumbani nikakisoma toka neno la kwanza. Yaya, wazazi hawakufa.

Sasa yeye ana saba, minye tatu. Kimebaki kimoja, kile ulichokifunika na karatasi ya mfuko wa simenti kama daftari ya mwanafunzi. Hiki hukukunja mwisho. Umekunja ukurasa wa thelathini na moja.

Unajua kwa nini naukumbuka. Ni hicho kimoja ulikishusha, kikawa chini ya mto wako kule hopitali. Ulikitoa ukanipa, ukasema: "Mudogo wangu, nisomee kidogo." Kitabu cha Kifaransa, na wagonjwa wengine wanatuangalia. Nikasema ulimi wangu mzito. Nikampa Zawadi, alikuwa amekuja kukuona. Kwa mkono wangu mwenyewe, yaya. Akasoma vizuri kama muntu wa redio, weye ukafunga macho, minye nikatoka kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa tayari.

Asubuhi yake ulikwenda.

Sauti iliyokusomea mwisho ni yake. Hiyo siwezi kumunyang'anya hata ningeshinda vitabu mia.

Jana Zawadi alikileta kitabu hapa. "Hiki nilikianza naye," akasema. Nikamujibu: "Ndiyo maana minye nitakimaliza." Akakiweka mapajani mwangu karibu na Baraka, machozi yanamtoka. Na unajua nini? Hata yale machozi niliyaonea wivu.

Misa ni Jumamosi ya tatu kutoka leo. Nimekianza toka mwanzo, kwa sauti, bata wanasikiliza. Neno nisilolijua naliandika kwenye kiganja, saa kumi naenda kuuliza. Kumuuliza Zawadi, ndiyo. Usicheke.

Lala, yaya yangu. Siku ya misa, watu wakienda kula, minye nitabaki na weye kaburini. Nitafungua pale ulipokunja, nikusomee mpaka tufike mwisho, hata nikikwama, hata watu wakituangalia. Nani atakufa sijaangalia. Tutajua pamoja.

Zawadi akitaka kubaki, abaki. Lakini akae upande wa miguu. Kichwani ni pangu.

Mudogo wako,
Mama Baraka