Nalala na nyonyo mdomoni nisimwite marehemu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umri wako unaruhusu, naomba msaada na naomba usinicheke, na kama ni lazima ucheke basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu, kwa sababu mimi ni mtu mzima mwenye mvi na ninalala na nyonyo mdomoni, ile ile ya mpira wanayopewa watoto wachanga wanyamaze, na shida yangu kubwa ni kwamba nikishapitiwa na usingizi inatoka.

Acha nianze mbali kidogo ili unielewe. Mimi ni fundi makochi. Mke wangu wa kwanza aliugua muda mrefu, ilianza miguu, ukaja mgongo, mwisho akawa wa kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namgeuza na kumpa dawa, maana hatukujaliwa mtoto. Alipofariki nilikaa peke yangu mpaka dada yangu mkubwa akaja juu, akasema nyumba isiyo na mwanamke inaota kuvu, akaniambia nimuoe yule mama mtulivu anayeniuzia vitambaa vya kazi, na sitasema uongo, nilikuwa nimeshampenda kabla dada hajamtaja. Kabla huyo mama hajaingia kama mke, dada alikuja na magunia akafungasha nguo za marehemu, picha, viatu, hata kikombe chake, akaniambia, "Sikiliza mdogo wangu, mke mpya hapangi chumba kimoja na marehemu. Kuanzia leo habari za yule zisisikike humu ndani, hata kwa bahati mbaya." Nikaona ni busara, nikanyamaza.

Tukaishi vizuri tu, mpaka asubuhi moja mke wangu ananimiminia chai bila kunitazama, nikamuuliza kulikoni, akasema, "Unaongea usingizini." Nikacheka, nikasema nani asiyeongea. Akasema, "Unauliza, umeshameza dawa? Halafu unangoja. Usipojibiwa unauliza tena, na tena, mpaka sauti inakuwa ya kulia." Nikamuuliza, sasa wewe unafanyaje? Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, halafu akasema, "Nakujibu. Nasema nimemeza. Unaniambia haya, lala mama, unageukia ukutani unalala." Mshauri, chai sikuimaliza. Mwanamke wa watu, aliyeolewa kwa heshima zake, anaitikia kwa niaba ya mtu aliyezikwa! Aibu niliyoipata siwezi kukueleza, na yeye pia sikumweleza, nilichukua kofia nikaenda kazini.

Hapo ndipo nikaanza kuutafutia dawa mdomo wangu. Kwanza nilibandika plasta, asubuhi ikang'oka na nusu ya masharubu, na siku nilipokuwa na mafua nusura nikate roho. Nikajifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, mke wangu alipofumbua macho akaniona nimefungwa taya kama maiti, akapiga ukelele mpaka majirani wakagonga mlango. Ndipo akaja mteja karakana na mtoto mchanga analia hatusikilizani, mama yake akamchomekea nyonyo, kimya, kama umezima redio. Nikasema haya ndiyo majibu. Nikaenda kununua kwenye duka la mbali nisikojulikana, muuzaji akaniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia ni ya mjukuu, na mimi hata mtoto sina.

Ilifanya kazi kweli, ulimi ukishapewa shughuli hauna nafasi ya maneno, lakini nikilegea tu inadondoka, basi ufundi ukaniingia. Nilifunga lastiki pembeni mwa nyonyo nikaipitisha nyuma ya masikio, masikio yakavimba. Nikaihamishia kisogoni kwa kifungo, ikawa inapanda juu. Mwisho nikakata ngozi ya kochi nikashona mfano wa hatamu, kwa ndani nikaweka sponji isinichubue, kazi safi mshauri, ningekuwa nauza ningetajirika, ikawa haitoki hata nigeuke vipi. Mke wangu alikuwa ananitazama ninavyojifunga, halafu anazima taa. Mimi nikadhani ameridhika.

Juzijuzi mpira ukakatika nimelala, chuchu ikaniingia kooni. Ni yeye aliyenipiga mgongoni mpaka ikatoka, akanishika kichwa nikakohoa machozi yakanitoka, na nilipopata pumzi neno la kwanza nililosema ni kwamba nitatafuta iliyo imara zaidi. Aliniangalia sana. Kulipokucha akakunja nguo zake akaniambia, "Ulipokuwa unaongea nilikuwa nalala na mtu mwenye huzuni, na hilo naliweza. Kulala na mtu aliyejishona mdomo siwezi." Yuko kwa mama yake. Nikipiga simu anapokea, ananiachia niongee, na mimi nakosa la kusema, tunabaki tunasikilizana pumzi mpaka salio linakatika.

Sasa naomba unishauri, je, kuna nyonyo ya watu wazima isiyokatika, au kuna namna ya kuifunga iliyo salama, ili nikamwambie mke wangu tatizo limekwisha arudi nyumbani? Jana nililala bila kitu mdomoni, kwa kuwa hakuna wa kumsumbua. Nimeamka sauti imekauka kabisa, nadhani nimeuliza mpaka asubuhi.

Ni mimi, Fundi Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, marahaba, umri unaruhusu tena sana. Nimecheka kwenye habari ya plasta na masharubu kwa kuwa umeniruhusu. Nilipofika kwa mwanamke anayejibu "nimemeza" niliacha kucheka.

Tuanze na uhai wako. Hiyo hatamu itupe leo, na usiiweke kabatini eti ni kazi safi. Aliyelala hafungwi kitu mdomoni wala shingoni, iwe lastiki, plasta, kitambaa au ngozi ya kochi la mfalme. Nyonyo imetengenezwa kwa mtu asiye na meno, wewe ulikuwa unaitafuna kila siku mpaka ikakatika. Unataka watu wasimame msibani waseme fundi amekabwa na chuchu ya mpira? Usiponunua imara zaidi ndipo utakuwa umenisikia. Nenda kwa daktari, mweleze unavyoongea usingizini, na mweleze kweli, huyo usimdanganye kwamba una mjukuu.

Sasa pole, Fundi. Pole ya kweli, maana naona hakuna aliyekupa. Ulimuuguza mtu mpaka mwisho, ukamzika, ukakaa kando ukimtazama dada yako akimfungasha kwenye magunia, ukaoa. Nimesoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali ulipolia, sijapaona. Umenieleza sponji inakaa wapi na kifungo kinakaa wapi, lakini za marehemu umenipa mgongo na miguu tu. Alikuwa mtu wa namna gani? Mlikuwa mnacheka nini nyie wawili? Mimi nimekufungulia ukurasa mzima wa gazeti na bado hukusema. Mkeo, uliyemkimbia na kofia yako, atakuwa anajua nini?

Dada yako mkubwa alikuwa na nia njema, na nia njema imevunja nyumba nyingi kuliko ugomvi. Msalimie, mwambie nimesema kama magunia hayajagawiwa ayarudishe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha kifo chenyewe, na usingizi unakuumbua.

Na hapa ndipo ninapokugombeza, kaa vizuri. Umemsoma vibaya mkeo. Unadhani alikuwa anamwonea wivu marehemu. Mwanamke mwenye wivu angekuamsha kwa kiwiko akuulize huyo ni nani. Huyu alikuonea huruma, akatafuta njia ya kukutuliza, akakueleza kwa upole akiwa na birika mkononi, akingoja useme neno. Wewe ukaenda dukani. Kila ulipojifunga kile kitu mbele yake ulikuwa unamwambia, hili ni langu, wewe halikuhusu. Halafu anakuokoa usife, na wewe badala ya asante unamwahidi mpira mgumu zaidi! Angekaa kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo acha kupiga simu za kupumuliana. Usimtume dada, usitume zawadi, usitume kochi jipya. Nenda mwenyewe, mchana, umeoga. Msalimie mama mkwe kwa adabu, mwombe akuruhusu ukae nje na binti yake. Usianze na habari kwamba tatizo limekwisha, maana halijaisha na litachukua muda. Mshukuru kwanza kwa kila usiku aliokujibu. Kisha mweleze huyo mliyemzika, alivyokuwa mzima na alivyokuwa mgonjwa, ulivyomgeuza kitandani ukiogopa kumvunja, siku aliyokata tamaa na siku uliyokata tamaa wewe. Maneno yatakuja yamepinda, yaache yapinde. Ukilia, lia, yeye si mgeni wa machozi yako, amekuwa akiyasikia muda wote ukiwa umelala. Na siku hiyo usimwombe arudi. Aliyetoka kubebeshwa mzigo wa huzuni ya mwenzake haulizwi hapo hapo atapanda basi la saa ngapi.

Sitakuahidi kwamba atarudi, mimi si mganga. Huenda akasikiliza yote, akafuta macho, akakuambia nenda salama, akabaki kwa mama yake. Nenda hata hivyo, na uende leo. Ukikaa nyumbani ukingoja kupata maneno mazuri utampoteza na huyu pia, na safari hii hutakuwa na ugonjwa wa kulaumu.