Daktari Amekataa Jicho Langu

Jumatano, Julai 2007

Baridi ya leo ndiyo ile ya Julai yenyewe. Milima ya Iveti haijaonekana tangu asubuhi, na sijui nilaumu ukungu au nilaumu macho yangu. Niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kiti cha ukutani, nimekuza herufi mpaka maneno matano yanajaza kompyuta nzima. Dada wa kiti cha jirani anaweza kusoma kila ninachoandika. Asome tu.

Jana tulienda Nairobi kwa daktari wa macho, mimi na mama. Nilikuwa naenda kupimwa ili nipangiwe siku ya leza. Nilitaka mama awepo ili aelezwe jinsi ya kuniangalia nikishafanyiwa, kwa sababu nyumbani tuko wawili tu.

Kwa wasionijua: mimi hufuma sweta za shule kwa mashine, katika duka moja hapa mjini karibu na soko. Jicho langu la kushoto huona kila kitu mara mbili, kitu chenyewe na kivuli chake kimekaa juu kidogo. La kulia nalo limeanza kufuata mwenzake. Ukifuma ukiwa hivyo, uzi unakuponyoka kwenye sindano na hujui, unakuja kugundua tundu sweta ikiwa tayari imekwisha. Mwenye duka, Mama Mutheu, hajanigombeza hata siku moja. Ila siku hizi ananipa mikono ya sweta tu nifume. Shingo, zile zenye mistari ya rangi ya shule, anafuma mwenyewe.

Afadhali angenigombeza.

Miwani nimebadilisha mpaka nimechoka. Ya kwanza kabisa tulinunua Tala siku ya soko, kwenye rundo la mitumba, mama amenishikia kitabu cha nyimbo mbele ya uso na mimi najaribu moja baada ya nyingine mpaka nikaweza kusoma ubeti mzima. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha kama watu waliopona. Baada ya hapo kila miwani imenifaa kwa muda mfupi kuliko iliyotangulia. Kwa hivyo niliposikia kwamba kuna leza, kwamba mtu anaingia na miwani na kutoka bila, niliishika habari hiyo kwa mikono miwili. Nimekuwa nikilala nayo. Nilishajiona nikifuma shingo.

Daktari ni kijana, mpole, anaongea polepole. Aliniweka kidevu kwenye mashine, na picha ya jicho langu ikatokea kwenye kompyuta yake kama ramani, pembeni kijani na katikati nyekundu. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Hakuna mahali nyekundu ni habari njema.

Alisema kioo cha mbele cha jicho kinatakiwa kuwa cha mviringo. Changu kimekuwa chembamba na kimejitokeza mbele kama ncha ya yai. Leza hufanya kazi kwa kukipunguza hicho kioo ili kikae sawa, na changu hakina cha kupunguzwa.

"Dada, nikikupiga leza nitakuharibu," akasema. "Wengine wangekufanyia. Mimi siwezi."

Kisha akaniuliza kama huwa nasugua macho sana. Nilitaka kucheka. Tangu utotoni macho yangu yanawasha, na tumelelewa na vumbi. Sijui mtoto wa kwetu asiyesugua macho. Akasema nisisugue tena kabisa. Nilikuwa nimeshainua mkono hata kabla hajamaliza.

Nikamwomba anitajie njia nyingine, zote. Akanitajia. Kuna lenzi inayowekwa ndani ya jicho kwa upasuaji, lakini hiyo ni ya mtu ambaye kioo chake cha mbele kiko sawa. Mimi ningebaki na vivuli vyangu. Kuna lenzi ngumu za kuvaa, na hizo ninazo. Nilizivaa mwaka jana kazini, manyoya ya uzi yakaingia chini yake, nikawa natoa machozi juu ya sweta za watoto. Ng'ambo wameanza kukaza kioo kwa dawa na mwanga, lakini hapa haijafika. Ikabaki moja. Kukata kioo kibovu na kushonea kingine mahali pake.

Nikauliza kingine kinatoka wapi.

"Kwa mtu aliyefariki," akasema, na akamtazama mama kama anayeomba radhi.

Tuliinuka kuaga. Mama akanyoosha mkono kushika mlango, akashika ukuta. Akapapasa, akacheka kidogo, akaupata mlango. Mimi nilikuwa nimejawa na yangu, sikuona chochote. Daktari aliona. Akamrudisha kwenye kiti, akammulika.

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili, na si wa jana.

Mama husuka kiondo, kikapu chetu cha kamba, bila kutazama mikono, na husuka akiongea, akitembea, akingoja maji yachemke. Ningejuaje? Ndivyo nilivyojiambia njia nzima, na bado sijaridhika na jibu hilo.

Kwake yeye mambo ni rahisi. Wanatoa lenzi iliyoingia ukungu, wanaweka ya plastiki, wanaanza na jicho moja kisha lingine. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Nadhani alishukuru kwamba angalau mmoja wetu anatibika. Mama hakutabasamu.

"Daktari, kwani hii macho yangu imeharibika yote?"

"Hapana, mama. Iliyoharibika ni lenzi ya ndani. Kioo cha mbele kiko safi kabisa."

"Iko safi," mama akarudia.

Njiani alifumba macho mpaka tukafika nyumbani. Nilidhani ni uchovu. Alikaa jikoni, akachukua kiondo chake, akasuka mzunguko mzima ndipo akaniita. Mama huniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mwaitu. Mimi nikienda kwa Mungu, hiyo kioo yangu wachukue. Wakuwekee wewe."

Wasiotoka kwetu hawataelewa uzito wa maneno haya. Babu yangu, baba yake mama, alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Familia iliuomba ule mguu hospitali. Mama, wakati huo akiwa msichana, ndiye aliyeubeba mpaka nyumbani umefungwa kwa leso, ukazikwa shambani. Babu alipofariki miaka mingi baadaye walichimba kaburi hapo hapo kando yake, ili alale akiwa mzima. Kwetu mtu hazikwi nusu. Mama ndiye hutusimulia habari hiyo, na huisimulia kwa fahari.

Nikamwambia sitaki. Nikamwambia sijui hata kama umri wake unaruhusu, kama sheria inaruhusu. Nikapandisha sauti, jambo ambalo huwa sifanyi na mama.

Akaendelea kusuka.

"Sawa. Kama wewe hutaki yangu, hata mimi siendi kufanyiwa. Tukae tu hivi, vipofu wawili, tukuwe tunaitana na sauti."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini namjua mama. Hatakwenda. Alishakataa kung'olewa jino kwa miaka kwa sababu ya neno dogo kuliko hili. Atakaa na ukungu wake mpaka asiuone mlango wala ukuta, na itakuwa ni kwa sababu mimi nilisema hapana.

Nikalia. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Kisha nikasema sawa, mama, nimekubali. Akauliza, "Umekubali kweli?" Nikasema kweli. Akaniambia niinjike chai.

Kwa hivyo mama atafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na ataona. Nafurahi, nafurahi kabisa. Mimi nitarudi kufuma mikono, nizoee lenzi zile na machozi yake, nisisugue. Na kila nikitaka kuomba nipone, naacha katikati, kwa kuwa sasa najua ninaomba nini. Mtu anaombaje hivyo? Usiku nilipiga magoti nikainuka bila kusema kitu.

Nina mazoea. Nikitaka kukiona kitu kimoja, hufumba jicho la kushoto, kivuli kikapungua. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi hata sijui ninafanya.

Leo asubuhi, nikitoka kwenda kazini, mama alisimama mlangoni akanipungia mkono, upande usio wangu kidogo, maana hanioni vizuri. Walikuwa wawili, mama na mama mwingine juu yake kidogo.

Sikufumba jicho. Niliwaacha wote wawili wasimame pale.