Wazee Hamsini, Sauti Moja

Mayala, nimesikia sauti yangu kabla sijafungua mlango. Inatoka kwenye kompyuta ya Dada Evelina, inakohoa kizee.

Nimekwisha, ndugu yangu.

Unawakumbuka wale wazee sitini wa Bugarama alionituma niwarekodi wakisema Kisukuma, aifundishe mashine yake kuielewa lugha yetu? Niliwarekodi kumi. Hamsini ni mimi, nikiigiza sauti za kizee! Niliona tungo zangu zinawazidi.

Kumbe leo jopo la uprofesa linamhoji mtandaoni. "Daktari, mashine yako yenyewe inasema wazee hamsini ni mtu mmoja."

Mtu mmoja, Mayala!

Wamemnyima uprofesa mpaka ajieleze. Hakufoka. Kaniuliza tu, "Nkwabi, ni wewe?"

Nimepiga magoti. "Ni mimi, dada. Leo naliandikia jopo kwa jina langu, nikiri. Kesho narudi Bugarama, wazee waseme, mimi ninyamaze."