Lia kwa Sauti, Ndege Wasikie

Mume wangu Deo,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Ifakara tu wazima, mpunga unatoa masuke. Mjomba wako ndiye anayeniandikia. Nimemkataza kupunguza neno langu.

Umeniuliza utaacha lini kulilia goti lako lililoumia, maana wenzako wanakimbia na wewe umejificha bwenini. Pole, baba. Nilipokuwa msichana, hakuna aliyenishinda mbio za kufukuza ndege shambani. Nikavunjika mguu mpunga ukikaribia kuiva. Wakanipandisha juu ya dungu, nilinde nimekaa, wenzangu wakikimbia chini. Nikawa nalia kimyakimya. Mama akapanda.

"Unalia?"

"Hapana."

"Mwongo wewe! Lia, lakini lia kwa sauti, ndege wanatumalizia mpunga!"

Nikalia hasa. Ndege wakaruka, wenzangu wakaja mbio, wakapanda wote mpaka dungu likayumba. Mguu bado uliuma, lakini nilicheka.

Sijui utaacha lini. Ila toka huko bwenini, mjinga wangu. Nenda uwanjani na magongo yako, ulie hapohapo wanapokimbia. Atakayekucheka nitajie jina lake, nitapanda basi mwenyewe.

Mkeo mzee,
Bibi