Ngozi ya Ng'ombe Uliyowatajia Wazee

Sunnyside,
Pretoria.
14 Novemba.

Mpendwa Makhadzi wangu,

Aa, Makhadzi. Ningekuwa mbele yako ningelala ubavu mkekani na kubana viganja kama ulivyonifundisha, lakini niko mezani na kalamu mkononi, kwa hiyo pokea heshima yangu kwa maandishi. Hujambo? Goti linaendeleaje tangu waanze kukuchua pale kliniki? Mwanao Humbulani aliniambia sasa unafika kanisani bila mkongojo, na kwamba umeanza kuwasema watu wa huko Kimberley kwa kupika vhuswa, ugali wetu, laini kama uji wa mtoto. Nilicheka, nikajua shangazi yangu amepona.

Sisi huku hatujambo kwa mwili. Mama anakusalimu sana, kisukari chake kimetulia. Mvua haijashuka kule kijijini Folovhodwe, na akina mama wanaangalia mawingu kila asubuhi, maana bila mvua hakuna mashonzha ya Desemba, na bila viwavi hao hakuna sare za shule Januari. Mimi ndiye moyo hautulii. Nitakueleza, ila nivumilie nifike polepole.

Krismasi uliniuliza kazi ninayojifunza ni kazi gani hasa, nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa nimechoka. Baada ya ule uhandisi na ile sheria, sasa mimi ni wakili mwanagenzi katika ofisi ya miliki bunifu na teknolojia. Mtu akibuni kitu kwa akili yake, sisi tunakieleza kwa maneno, Serikali inampa hataza, na tangu hapo hakuna wa kukitengeneza bila ruhusa yake. Maneno yale ndiyo ua wa mali yake. Ukiacha pengo, mbuzi wa watu wanaingia.

Kwa hiyo tunafundishwa kuandika upya kama watoto wa darasa la kwanza. Jumamosi moja mwalimu alitugawia vibanio vya kuanikia nguo, kila mtu chake, akatuambia tukieleze bila kukitaja jina, hivi kwamba asiyewahi kukiona aweze kukitengeneza na mwizi asipate pa kupenya. Nilitoka jasho kwa kibanio, Makhadzi. Mtihani wa somo hilo nilianguka mwaka jana na Machi naurudia. Niombee.

Sasa jambo lenyewe. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mwenyewe ulikataza mambo ya ukoo yasipite kwenye simu.

Unaikumbuka mashine ya kaka Fhatuwani, ile ya kuwakamua mashonzha utumbo. Magogo mawili ya chuma yaliyofunikwa mpira wa tairi la ndani la trekta, na mkono wa kuzungusha. Unamtia kiwavi kichwa mbele, anatoka upande wa pili akiwa mtupu na mzima, bila kupasuka, na miiba yake haijamgusa mtu kidole. Akina mama wengi pale kijijini wanaitumia sasa.

Mwezi uliopita kampuni moja ya Polokwane ilimletea barua ya wakili. Wanasema mashine ni yao, wana hataza yake, aache kuitengeneza, na zilizoko mikononi mwa akina mama zikusanywe. Kweli wanayo hiyo hataza. Hapa kwetu inatolewa bila mtu kuchunguza kama aliyeiomba ndiye aliyebuni. Hilo wanaachiwa watu wakagombane mahakamani.

Kaka alinipigia niko kazini.

"Muofhe, wewe si ndiye uliyesomea vitu hivi? Au miaka yote ile ulikuwa unasomea kuvaa viatu virefu?"

"Kaka, nitumie barua kwanza. Matusi utayaleta baadaye."

"Wameniita mwizi. Mimi, na mashine niliyoitengeneza nyuma ya choo cha mama yangu."

Bwana Naudé, mkubwa wangu, alikubali tuichukue kesi. Ni mzee mkavu, hacheki, chai yake haitiwi sukari. Aliniambia niitayarishe mimi, iwe sehemu ya mafunzo yangu, ila saini itakuwa yake. Tukakaa kuisoma hataza ya wale watu mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye yale magogo nikasimama. Imeandikwa kwamba yamefunikwa ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta.

Nilirudia kusoma nikidhani macho yamenidanganya. Ngozi ya ng'ombe, Makhadzi, kwenye utumbo wa mashonzha. Ndoo haijaisha inateleza, wiki haijaisha imeoza. Aliyewahi kukamua hata kikapu kimoja kwa mashine hiyo asingeiandika ngozi. Ina maana aliyeandika hakuitengeneza wala kuijaribu, alisimuliwa tu. Na mimi namjua mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuitaja hiyo ngozi.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka jana. Ulikuja kuwaarifu wazee waliotangulia, kama inavyotupasa kitu kipya kinapoingia ukooni. Lango lilifungwa. Ulipiga magoti na maji na ugoro wako, ukawaeleza yote, kwa kuwa wazee hawafichwi kitu, magogo, mkono, jinsi kiwavi anavyoingia na anavyotoka. Ukasema, "Mjukuu wenu ameyavika magogo yake ngozi ya ng'ombe, akaipaka mafuta." Kaka alinikanyaga mguu, nami nikauma midomo nisicheke. Nani angekusahihisha? Makhadzi akiongea na wazee hakatizwi, hata nyumba ikiungua.

Na nyuma yetu, kofia kifuani, alikuwa amepiga magoti Ramovha, mume wa binamu yetu Takalani. Aliruhusiwa ndani ya ua kwa kuwa ni mkwe, na mkwe anajua kwamba yanayosemwa pale hayatoki na mtu. Anawanunulia mashonzha kampuni ileile ya Polokwane. Sikuwaza lolote siku ile, tulimpa hadi nyama ya kwenda nayo.

Bwana Naudé alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiweka kalamu chini.

"Ua ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Umefungwa. Wa ukoo na wakwe tu."

"Basi hayakuwa maneno ya hadharani. Huyo mkwe aliyabeba siri, na pamoja na siri akabeba na kosa la shangazi yako. Tukilithibitisha hilo hataza yao inaanguka, na kaka yako anaweza bado kuomba yake. Wewe na kaka yako mtaonekana mnajitetea, kwa hiyo shangazi aape kwamba aliitaja ngozi pale, na kwamba haikuwa ngozi. Mtumie hati ya kiapo asaini."

"Bwana, hujui unachomwomba."

"Nieleze, basi."

Nilimweleza, na sina hakika kama alinielewa yote. Wewe huhitaji kuelezwa. Makhadzi ndiye mdomo wa ukoo mbele ya wazee. Ukiapa mahakamani kwamba uliwaambia lisilokuwa kweli, ile karatasi haitabaki Pretoria. Shangazi Tshinakaho tangu uhamie Kimberley kwa Humbulani anasema uko mbali, umezeeka, unachanganya majina ya babu zetu, na maji ya wazee yangemfaa yeye. Ataitembeza karatasi hiyo nyumba kwa nyumba. Na wakili wao atakusimamisha mbele ya watu, akuulize kama waliokuzaa uliwaambia yasiyokuwapo, mahakama ikuamini kwa lipi. Nimelitafutia swali hilo jibu wiki nzima na sijalipata. Naogopa, Makhadzi. Sitaki kuwa mimi niliyekupeleka pale.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani kumweleza kaka. Tulikaa jikoni, Mama anasonga. Kaka alisikiliza akichezea kijiti, kisha uso ukamng'aa ghafla.

"Rahisi tu. Andika kwamba Makhadzi alifanya makusudi. Alijua Ramovha ni nyoka, akamtegea ngozi ili tumkamate. Watu watamsifu, Tshinakaho atafyata mkia, hakimu atafurahi. Kila mtu anashiba."

"Ni kweli?"

"Itakuwa kweli akishasaini."

Mama aliuacha mwiko ndani ya chungu. "Fhatuwani, unataka dada wa baba yako aape uongo juu ya wazee ili wewe upate karatasi?"

Nilidhani kaka atapandisha hasira, unamjua. Lakini sauti ilitoka chini. "Si karatasi, Mama. Ni hivyo vidole vyako. Kila Desemba nilikuwa nakuona ukivichovya kwenye maji ya chumvi na kugeuza uso ili tusikuone. Wakizichukua mashine, mnarudi kulekule." Akasimama, akatoka bila kula. Mama aliendelea kusonga.

Nilirudi huku nikiwa namwonea huruma na hasira kwa pamoja, na Jumapili nikakaa nikaiandika ile hati aliyoitaka. Makhadzi alijua, Makhadzi alitega. Iliandikika vizuri mno. Haikuwa na pengo hata moja, kila neno likishika lenzake, na nikawaza kwamba ningeandika hivi kwenye mtihani nisingeanguka. Ndipo nikaona ninachokifanya. Nilikuwa nimekuwekea mdomoni maneno matamu, na ungeweza kuyakubali kwa kutupenda tu. Niliichana, nikaitupa pamoja na maganda ya vitunguu.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta karatasi tupu. Sikuandika kitu juu yake, hata jina lako. Ukiamua kuapa, mwambie Humbulani aandike kwa kalamu yake yale utakayomtamkia wewe, jinsi unavyoongea, usiyapambe na asiyapambe, kisha mwende pamoja mbele ya kamishna wa viapo pale kituo cha polisi. Kwa nini ulisema ngozi, mimi sijui. Labda ulikosea, labda una sababu yako. Usiniulize mimi ungesema nini. Lolote utakaloandika nitalifikisha mahakamani lilivyo, hata likituzamisha.

Jambo jingine. Nilimwomba Bwana Naudé asubiri kwanza, kwamba ukikubali, urudi Folovhodwe uwaeleze wazee wenyewe kabla hujamweleza hakimu. Nilijua atakataa, siku zinatubana. Alikaa akitazama dirishani, kisha akasema hata yeye asingependa marehemu baba yake asikie habari zake kortini kwanza. Ataiomba mahakama ituongezee muda. Nauli ya basi nitaituma, na tukifunga lango safari hii Ramovha atabaki nje yake. Takalani amerudi kwao na watoto, hasemi naye.

Nisalimie sana Humbulani na mkewe Lindelwa, na umwambie mjukuu wako Rendani kwamba zile penseli za rangi nimezinunua, zinamsubiri. Mama anauliza kama dawa ya goti ile ya majani umeimaliza, atakutumia nyingine. Kaka Fhatuwani hakuniagiza salamu, tangu Jumamosi hapokei simu yangu, lakini najua angekusalimu. Nakusalimia kwa niaba yake.

Makhadzi, ukiona huwezi, usijisumbue kuniandikia sababu. Irudishe karatasi ikiwa tupu kama ilivyo, nami nitaelewa. Nitamwambia kaka kwamba ni mimi niliyekataa kukusimamisha kizimbani, na sitakuwa nimemdanganya, kwa sababu hata Bwana Naudé akitaka uitwe kwa nguvu, nitakataa na nitaitoa kazi hii mikononi mwangu. Kaka atanichukia mimi. Mimi anaweza kunichukia akaishi. Wewe ndiye unayemsemea kwa wazee, na sitaki siku moja apige magoti nyuma yako huku moyoni hakutaki.

Wazee wakufunike popote ulipo, wakuondolee maumivu, na wakupe usingizi ambao mimi huku sinao.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko kesi yoyote,

Muofhe