Chokaa Katika Mahindi Yangu

Jumatano, 17 Aprili
Kerubo ni mvivu. Likizo nzima mjukuu huyu ameficha uso ndani ya kitabu cha kemia, na mahindi yangu yamefika magotini bila mbolea ya kukuzia. Nimemfukuza aende dukani Keroka. Jina la mbolea nimelinakili kutoka kwenye gunia la mwaka jana, lile nililopasua nianikie maharagwe. Limebaki neno moja: CALCIUM. Akasoma karatasi, akasema, "Magokoro, hili jina ni nusu. Kalsiamu haikai peke yake." Nikamwambia huyu magokoro, bibi yake, alifika darasa la nne na kusoma anajua. Aende.

Alhamisi, 18 Aprili
Tumeweka yote aliyoleta Kerubo. Ni unga mweupe, si punje kama za mwaka jana. Kerubo akafungua mdomo. Nikamwambia afunge, kiwanda kimebadilisha. Mgongo unauma.

Jumatano, 24 Aprili
Mvua nzuri. Mahindi yangu yamegeuka manjano. Ya jirani yangu Moraa ni kijani mpaka yanakaribia weusi. Amesimama kwenye ua: "Mama Onsongo, siku hizi unapanda ndizi mbivu?" Shamba hili ndilo ugali wetu wa mwaka mzima. Naogopa.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimemwambia Kerubo aseme sasa. Akapanga maharagwe mezani, kila harage elektroni moja. Kalsiamu ana mbili za kutoa. Kaboneti hupokea mbili, basi mmoja anamtosha. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, chokaa ya kupunguza ukali wa udongo. Ndiyo tuliyomwaga. Naitreti hupokea moja tu, kwa hivyo lazima waje wawili. Katika jina, mtoaji hutajwa kwanza, mpokeaji hufuata.

"Na kloridi?" nikauliza, nikisoma neno kitabuni mwake.

"Moja tu."

"Basi nao wawili," nikasema, kabla hajahesabu. Akanitazama. Anadhani kichwa changu ni cha kubebea kuni tu.

Mahindi yanataka nini? Naitreti. Mbolea yenyewe ni kalsiamu amoniamu naitreti. Mimi niliandika lile neno la kwanza tu, na chakula kiko katika yale mengine. Kosa ni langu. Nimemwambia hivyo mara moja. Asingoje ya pili.

Ijumaa, 26 Aprili
Nimeenda Keroka mwenyewe. Yule wa duka akacheka: "Mama, ni kalsiamu tena?" Nikamtajia jina lote, bila karatasi, nikamwambia mwenye duka na akili angeuliza kabla ya kupima. Wateja wakacheka, na aliyechekwa si mimi. Nimeshika punje mkononi kwanza, ndipo nikafunga mfuko.

Jumamosi, 27 Aprili
Sabato. Hakuna jembe. Nimetoka kanisani, nimezunguka shamba polepole. Bado manjano, lakini hakuna hata moja lililochanua. Wakati upo. Chokaa haikuua kitu.

Kesho kukipambazuka Kerubo achimbe kishimo kando ya kila shina, atie mbolea ya kujaa kifuniko kimoja cha soda, afukie. Isiguse majani. Aanzie mstari wa chini, ulio na njaa zaidi.